Kutoa petroli kuweka dizeli kwenye Land Cruiser 80: jibu kwa kijana wa Karatu

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma vizuri na najua wenye 80 wengi wanaliwaza hilo hilo kila bei ya mafuta ikipanda, kwahiyo nalijibu kwa urefu kidogo. Kwa faida ya wengine: kijana ana Land Cruiser 80 ya mwaka 1996, injini ni 1FZ-FE ya petroli, giaboksi ya auto, anabeba wageni na mizigo kutoka Karatu kwenda Ngorongoro mpaka kule Natron. Petroli inammaliza. Fundi mmoja anamuuzia injini ya dizeli ya 1KZ iliyotoka kwenye Prado kwa bei ya kutupa, jamaa mwingine ana dizeli ya 1HZ iliyotoka kwenye pickup mkonga (Land Cruiser za jamii ya 70). Anauliza achukue ipi, auto yake itabaki au la, na akiifunga turbo hiyo 1HZ itakuwaje.

Kwanza toa kichwani habari kwamba ukiweka dizeli gari litaongezeka nguvu. Hiyo 1FZ-FE yako ni lita 4.5, inatoa farasi 212 na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya 373 Nm. 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, haina turbo, farasi zake ni kama 130 na torki 285 Nm hivi. Yaani hata torki yenyewe, ambayo kila mtu anaisifia dizeli, petroli yako inaizidi. Kinachoifanya 1HZ ipendwe porini ni kwamba hiyo torki inaipata chini kabisa, mizunguko 2,200 hivi kwa dakika imeshafika, wakati petroli yako mpaka ufike 3,200, kwahiyo kwenye mchanga na mawe 1HZ inatambaa taratibu bila wewe kuhangaika na mafuta. Lakini lami ya Makuyuni ukitaka kupita lori itabidi uwe na subira, na ukipanda kule ukingo wa krata, mita 2,300 hivi, hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inakosa pumzi na moshi mweusi utauona kwenye kioo. Hiyo ni kawaida yake, usije ukakimbilia kufungua pampu ili imwage mafuta zaidi.

Sasa kama nguvu haiongezeki, unabadilisha kwa ajili ya nini? Mafuta, umbali wa tenki, na urahisi wa kutengeneza. Piga hesabu yako mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi. 80 ya petroli yenye mzigo na barabara mbovu inakupa kilomita 5 kwa lita, wakati mwingine haifiki. 1HZ yenye afya kwenye gari hilo hilo inakupa 8 mpaka 9. Tufanye unatembea kilomita 20,000 kwa mwaka, petroli inakula lita 4,000, dizeli kwa wastani wa 8.5 inakula kama lita 2,350, umeokoa lita 1,650. Chukua bei ya mafuta iliyotangazwa na EWURA mwezi huu uzidishe, halafu linganisha na gharama ya kazi nzima. Na nikisema kazi nzima namaanisha yote, maana kwa uzoefu wangu ile bei ya injini unayotajiwa ni kama nusu tu ya pesa itakayotoka mfukoni. Mtu anayetembea kilomita 7,000 au 8,000 kwa mwaka namwambia ukweli bila kumficha, abaki na petroli yake, aitengeneze vizuri, aangalie sensa ya oksijeni na nozeli, maana hiyo pesa haitarudi. Wewe wa biashara ya kila siku inarudi. Na tenki yako ya lita 95 ambayo sasa hivi inakufikisha kilomita 475 itakufikisha 800, kule Natron hiyo ni tofauti kubwa sana.

Jingine watu hawalisemi: vijijini siku hizi petroli ya chupa inapatikana karibu kila mahali kwa sababu ya bodaboda, dizeli ndio inabidi uulizie kwenye mashine ya kusaga au kwa mwenye trekta. Kwahiyo usiweke dizeli ukidhani kila kijiji utaikuta imepangwa barabarani.

1KZ achana nayo. Ni injini nzuri kwenye gari lake, lita 3.0 yenye turbo, lakini silinda hedi yake ni ya alumini na inajulikana kwa kupasuka ikichemka, na wewe unataka kuipa gari la tani mbili na zaidi kabla hata hujapakia wageni saba na mabegi yao. Itakuwa inafanya kazi kwa nguvu zote muda wote, kila mlima sindano ya joto inapanda, siku moja utakuta maji yanatoa mapovu kwenye rejeta na hedi imeshakwenda. Bei ya kutupa ina sababu yake. Halafu Toyota hawakuwahi kuuza 80 yenye 1KZ, kwahiyo kila kitu kuanzia maunting (vishikizo vya injini) mpaka propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) ni cha kutengeneza kwa kuchomelea.

Hapo ndipo 1HZ inaposhinda. Toyota wenyewe waliuza 80 yenye 1HZ, inaitwa HZJ80, ilitoka kiwandani hivyo kuanzia 1990. Maana yake ni kwamba maunting, rejeta, mpira wa juu na wa chini, waya wa mafuta, bomba la ekzosti, krosimemba, springi za mbele, vyote vipo vya kiwandani kwa chesisi kama yako hii hii, na kama ukivitafuta utavipata kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani pale Dar au kwa wanaoagiza kutoka Sharjah na Japani. Na 1HZ bado iko kwenye mkonga zinazouzwa Afrika mpaka miaka hii, magari ya hospitali, ya mashirika, ya hifadhi, kwahiyo spea hadi kwenye miji midogo unapata na fundi anayeijua unapata. Mimi kazi ya kubadilisha injini naipima hivi: je, kiwanda kiliwahi kuweka hii injini kwenye hili gari? Kama ndiyo, unarudia kazi iliyokwishafanywa na wahandisi. Kama hapana, wewe ndio mhandisi, na uwe tayari kulipia kila jaribio.

Ila hiyo ya kwako imetoka kwenye pickup sio kwenye 80, angalia hapo. Injini ni ile ile lakini vinavyoizunguka vinatofautiana. Pima sampu (bakuli la oili chini ya injini) isije ikakutana na eksoli ya mbele au propela pale springi zinapobanwa, maana gari likiwa limesimama gereji nafasi inaonekana ipo, ukiingia shimo haipo. Pima pia maunting, mguu wa filta ya oili, na mabomba ya pawa stelingi. Kama unaweza kupata kipande cha mbele cha HZJ80 kilichokatwa, chenye injini, giaboksi, waya zake zote, rejeta na pedali, lipa hiyo pesa ya ziada ununue. Nasema hivi nikiwa na uhakika kabisa: injini ya bei rahisi iliyokuja peke yake, bila waya, bila stata, bila altaneta, inamaliza pesa nyingi kuliko kipande kizima, maana kila wiki kuna kitu kimoja kidogo hakipo na gari liko juu ya mawe.

Sasa auto yako. Haibaki. Belihauzi (kava linalounganisha injini na giaboksi) ya petroli haikai kwenye 1HZ, na hata ukimpata mtu wa kukuchongea bamba la kuunganisha, hiyo auto imepangwa kwa ajili ya injini inayozunguka mpaka juu, itakuwa inabadilisha gia mahali ambapo dizeli imeshaishiwa. Weka manyuo, yaani giaboksi ya kubadilisha gia kwa mkono. Giaboksi ya H151F, gia tano, ndiyo iliyokuwa ikifungwa na dizeli kwenye 80, ngumu, inavumilia. Ukichukua ile iliyokuja na pickup urefu ni tofauti, propela zitakatwa, liva itatokea mahali pengine kwenye sakafu, na transfa yake (sanduku la foo-wili) ni nyingine. Kutoka auto kwenda manyuo kumbuka pia pedali ya klachi, masta ya klachi na bomba lake, na zile waya za usalama za auto zinazozuia stata isifanye kazi mpaka liva iwe kwenye P au N, hizo lazima ziunganishwe vinginevyo utapiga ufunguo gari liko kimya na fundi ataanza kulaumu stata. Flaiwili na sahani ya klachi viangalie kabla havijafungwa, maana kushusha giaboksi mara ya pili ni siku nzima. Sili ya nyuma ya krankishafti badilisha tu hata kama inaonekana nzima.

Kabla ya hayo yote lakini, kaikague hiyo injini. Nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika shika blok kwa mkono, kama ina joto ujue ameshaipasha, rudi siku nyingine. Iwashe ikiwa baridi, plagi za hita zikiwa zinafanya kazi 1HZ nzima inawaka mara moja, moshi mweupe kidogo unatoka kisha unakata. Moshi mweupe ukiendelea na injini inatikisika, kuna silinda haina kompresheni (mgandamizo wa hewa) au nozeli imechoka. Ikiwa inaunguruma fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze ukilaze pale pale juu ya tundu. Kikikaa kinacheza cheza kidogo sawa, kikirushwa au moshi ukitoka kwa kusukuma, pistoni na ringi zimekwisha. Angalia rangi ya oili chini ya kifuniko, ikiwa kama maziwa ondoka. Kisha pima kompresheni silinda zote sita kwa geji ya dizeli, sio ile ya petroli itapasuka, na unachotafuta hasa ni silinda zote zilingane. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake hiyo injini ni ya kufungua, na bei iwe ya injini ya kufungua.

Halafu angalia namba ya injini kwenye blok. Ikiwa imesagwa au imegongwa upya usinunue hata kama unapewa kwa mkopo. Namba hiyo ndiyo itaandikwa kwenye kadi ya gari, na ukienda TRA kubadilisha taarifa utatakiwa uonyeshe imetoka wapi, risiti ya muuzaji na karatasi za forodha kama imeingizwa, na trafiki watakagua. Wapo wanaotembea miaka na kadi inayosema petroli huku chini kuna dizeli, mpaka siku ya ajali, bima wakikagua wanakuta gari waliloandikisha sio lile lililogongwa. Wewe unabeba wageni, hilo usilicheze.

Nije kwenye breki, na hapa naomba usome taratibu. Injini ya petroli ina kipepeo kinachoziba hewa, kwahiyo inajitengenezea mvuto kwenye manifodi, na mvuto huo ndio unaosaidia busta ya breki, kile kifaa kinachoupa mguu wako nguvu. Dizeli kama 1HZ haina kipepeo, haina mvuto. Ndio maana inakuja na pampu yake ya vakyumu. Injini ikitolewa kwenye gari na kuuzwa vipande vipande, hiyo pampu ni moja ya vitu vinavyopotea njiani. Nililetewa Patrol iliyotolewa petroli ikawekwa dizeli, mwenyewe analalamika breki ngumu, fundi aliyetangulia ameshabadilisha pedi, masta silinda na busta. Nikachomoa mpira wa busta injini ikiwa inaunguruma, nikaziba kwa kidole gumba. Hakuna kinachovuta. Mpira ulikuwa umechomekwa kwenye manifodi ya hewa kama kwenye petroli, kazi ya vakyumu hakuna anayeifanya, na yule mtu alikuwa ameshuka nalo milima na familia ndani. Kwahiyo siku unayokabidhiwa gari fanya hivi: injini imezimwa, kanyaga breki mara nyingi mpaka pedali iwe ngumu, endelea kuibana kwa mguu, washa injini. Pedali lazima izame kidogo chini ya mguu wako. Isipozama usiendeshe gari kutoka hapo.

Upande wa mafuta, tenki lazima lishushwe. Pampu ya petroli iliyomo ndani ya tenki inatoka, maana pampu ya dizeli ya 1HZ inavuta yenyewe. Osha tenki, kausha kabisa, weka filta yenye pampu ya mkono na kitenga maji cha chini, toa maji kwenye kitenga maji kila wiki kwa dizeli ya huku kwetu, sio kila sevisi. Bomba la kurudisha mafuta tenki liwe wazi. Kiungo kimoja kikivuta hewa gari litakusumbua kuwaka asubuhi na mafundi watakuuzia nozeli mpya. Weka kipande cha mpira wa kuona ndani pale karibu na pampu, mapovu yakipita umeshajua tatizo. Na shingo ya kujazia mafuta, magari mengi ya petroli isiyo na risasi yana kizuizi ambacho bomba la dizeli la shelini haliingii, kitolewe. Juu ya kifuniko andika DIZELI kwa herufi kubwa, maana vijana wa sheli wanaijua 80 yako kwa petroli.

Umeme unawatesa wengi. Dizeli nyingi zilizotoka Japani zina stata ya volti 24, na gari lako ni 12. Soma kibandiko cha stata, soma na maandishi kwenye plagi za hita. Plagi ya volti ndogo ukiipa umeme mkubwa inaungua, ncha inavimba na inaweza kukatikia ndani, na hapo unafungua hedi. Soleno ya kukata mafuta kwenye pampu inahitaji waya mmoja tu wa swichi, lakini waya huo ukilegea gari linazima katikati ya mto, kwahiyo uufunge vizuri na ujue ulipo. Geji ya mizunguko haitafanya kazi kama zamani kwa sababu ilikuwa inasoma kwenye koili, ya dizeli inasoma kwenye sensa ya pampu. Geji ya joto ndiyo ya kuhangaikia zaidi, sensa iendane na geji, vinginevyo sindano itakaa katikati huku injini inachemka.

Na tafadhali, themostati (valvu inayozuia maji yasipoe kupita kiasi) ibaki. Kuna ugonjwa wa mafundi wetu kuitoa wakisema Afrika ni joto. Dizeli ikifanya kazi baridi inachoma vibaya, inakula mafuta, na ringi zinachakaa, na ile akiba ya lita uliyoitafuta inapungua. Weka themostati mpya, rejeta ya dizeli au ya kwako iliyooshwa vizuri, kava ya feni iwepo, kulanti na sio maji ya bomba.

Turbo, usiweke. Najua kuna waliofunga na wanakimbia, lakini 1HZ ina chemba ndogo za kuchomea kwenye hedi, na joto la turbo na mafuta yaliyoongezwa linapasua hapo hapo na kati ya valvu. Dereva akijisahau mlima mmoja tu na mzigo inatosha. Ukitaka turbo kweli, tafuta 1HD-T au 1HD-FT, nazo zilikuwa kwenye 80 kutoka kiwandani, lita 4.2 hizo hizo lakini zimetengenezwa kwa turbo, utapata torki inayokaribia ya petroli yako na mafuta bado kidogo. Ukichukua 1HD-T za mwanzo badilisha beringi za konrodi kabla hujaifunga kwenye gari, hazina uvumilivu na zikiachia unapoteza krankishafti. Kwa kazi yako na bajeti uliyonitajia mimi ningeweka 1HZ tupu, taiming belti mpya na tensheni yake siku hiyo hiyo, halafu kila kilomita 100,000 unabadilisha bila kuulizana.

Kuuza vitu vyako vya zamani usichelewe, 1FZ-FE pamoja na kompyuta, waya zote na auto yake viuze kwa pamoja, usimwachie fundi kama sehemu ya malipo kabla hujajua bei. Na ukishakabidhiwa gari usilipeleke Natron na wageni moja kwa moja. Zunguka nalo Karatu na Mto wa Mbu kwanza, panda na kushuka ile eskapimenti (mlima wa ukingo wa bonde) ukiwa peke yako, baada ya kilomita kama 1,000 rudi gereji, boliti za maunting na giaboksi zikazwe upya, mtu alale chini na tochi aangalie wapi waya na mabomba yanasuguana, oili imwagwe na filta ibadilishwe.